Mkristo wa Chaki

Kanisa lilikuwa linajiandaa kutimiza miaka themanini pale Belle Attente, kijiji cha miwa cha watu wenye asili ya India, na mchungaji kijana Joel Baldeo alipanda ngazi za nyumba ya Ticha Dorcas Seepaul, akamkuta kibarazani anachambua mchele. Alikataa kiti. Akakaa kwenye ngazi ya juu kabisa, kofia magotini.

"Watu wanne tu, Ticha," alisema. "Dakika tano tano. Kila mmoja asimame aseme kwa nini yeye ni Mpresbiteri. Na wewe ndiye uliyekaa ndani ya lile jengo kuliko mtu yeyote aliye hai."

"Muulize Lystra Jagmohan. Babu yake alijenga ukuta wa mbele."

"Lystra amekubali. Bwana Sirju amekubali. Nakutaka wewe."

"Mimi sina la kusema, Mchungaji."

"Miaka arobaini na minne, huna la kusema?"

"Ndiyo maana nimeweza kukaa miaka arobaini na minne."

Mchungaji alicheka, akainuka, akasema atamwandika kwa penseli ili akigoma afutike bila kelele. Ticha alimsikiliza akishuka ngazi, akasikia gari lake likikohoa mara mbili kabla ya kuwaka. Halafu kimya kikarudi mahali pake. Nyumba yake ilikuwa ya mbao, imesimama juu ya nguzo mwishoni kabisa mwa kijichochoro, na nyuma yake hakukuwa na kitu ila miwa hadi macho yachoke. Alikuwa na miaka sitini na miwili. Alikuwa amestaafu kufundisha miaka miwili nyuma, na tangu hapo kulikuwa na siku alizofika jioni akagundua hajatumia sauti yake tangu asubuhi.

Hakuzaliwa Dorcas. Alizaliwa Dhanraji, mtoto wa kwanza wa Seepaul, aliyekuwa akiendesha mkokoteni wa nyati wa kufugwa kutoka mashambani hadi kwenye mizani ya miwa. Alipokuwa na miaka kumi mama yake alifariki akimzaa Ramnarine, na msichana akajikuta ana kichanga kiunoni, jiko la udongo mbele yake, na baba anayerudi jioni amenyamaza, mikono imechanwa na majani ya miwa. Alijifunza kukanda unga wa roti akiwa amepanda juu ya kigoda. Roti za kwanza zilikuwa na umbo la ramani. Seepaul alizila zote, akasema, "Beti, binti yangu, hii ni nzuri," na kesho yake akasema vivyo hivyo.

Seepaul hakujua kusoma. Alikuwa Mhindu; uani kwake zilisimama fito za mianzi zenye bendera nyekundu, njano na nyeupe, kila moja kwa ajili ya sala iliyofanywa pale, na kila asubuhi alimimina maji kutoka chombo cha shaba akilielekea jua. Lakini shule iliyokuwapo ilikuwa moja tu, ya misheni, na yeye mwenyewe ndiye aliyempeleka binti yake huko, huku ndugu zake wakimcheka, wakisema msichana wa kuosha vyungu vitabu atavifanyia nini. Alimpakia kwenye mkokoteni, juu ya magunia, akamshusha getini kwa walimu kama mtu anayeshusha mayai.

Dhanraji alipofikisha miaka kumi na saba, mwalimu mkuu, Cornelius Jagmohan, alimwita ofisini.

"Dhanraji, kuna nafasi ya mwalimu msaidizi. Hesabu unaijua kuliko wote niliowahi kuwafundisha. Lakini utaratibu wetu unaujua: hafundishi asiyebatizwa."

"Naujua, mwalimu."

"Basi kazungumze na baba yako."

Hakuzungumza naye. Hilo ndilo lililokuja kumtafuna baadaye, kuliko ubatizo wenyewe. Jioni tatu mfululizo alijaribu, na jioni tatu mfululizo baba alikuwa amechoka, au yeye aliona amechoka, na Jumapili ya ubatizo ikafika. Maji yalikuwa matone matatu tu. Jina lilichaguliwa na mke wa mwalimu mkuu, kwa sababu Dorcas wa kwenye Maandiko alikuwa mshonaji mwema wa nguo za wajane. Dhanraji hakujua hata kushona kifungo.

Alirudi nyumbani, akakanda unga, akachoma biringanya na kuziponda kwa vitunguu saumu, akapakua. Seepaul aliketi mbele ya sahani. Halafu akaisukuma taratibu, kwa vidole viwili.

"Nani amepika?"

"Mimi, Baba."

"Wewe nani?"

Msichana alifungua mdomo, akakosa jina la kujibu.

"Mtu wa mizani ndiye aliyeniambia," Seepaul alisema. Hakupandisha sauti. "Anapima miwa yangu huku anacheka. Beti, ungeniuliza, ningekukatalia?"

"Sijui, Baba."

"Na mimi sijui. Hukuniuliza."

Tangu siku hiyo hakula kitu wala kunywa maji kutoka mkononi mwake. Hakumfukuza. Alijipikia mwenyewe, vibaya, akamlisha na Ramnarine kutoka chungu kilekile, na Dorcas akala peke yake kwenye ngazi za nyuma. Waliishi hivyo miaka mitatu, nyumba moja, vyungu viwili, mpaka alipopata kile kiwanja cha mwisho wa kijichochoro. Siku ya kuhama, baba yake alimbebea sanduku hadi barabarani, akaliweka chini, akarudi. Na msimu wa kuvuna ulipofika, mkokoteni ulipita mbele ya dirisha la darasa lake mara mbili kwa siku. Watoto walikuwa wakipunga mikono, na Seepaul akiwapungia. Dorcas alikuwa akigeukia ubao na kuandika kitu, chochote, mpaka sauti ya magurudumu iishe.

Angeweza kuvumilia yote hayo kama kule alikokwenda angepokewa. Wapresbiteri wa Belle Attente hawakuwa watu wabaya, ila walikuwa wamezaliwa humo. Babu zao ndio walioacha bendera zao, na wao walikuwa wamesahau kwamba kuacha kitu kunauma. Jumapili moja, mwaka wa pili, Dorcas alikuwa amebeba sinia ya vikombe kuelekea jiko la kanisa, akasikia sauti ya mke wa mwalimu mkuu kutoka ndani.

"Yule? Yule ni Mkristo wa chaki. Siku chaki ikiisha, utamtafuta kanisani kwa tochi."

Wanawake walicheka. Dorcas aliweka sinia chini pale mlangoni, akaenda zake nyumbani kwa miguu kupitia njia ya miwa. Hakulia. Kilichomuuma si kwamba walimsingizia. Aliona kuwa wamesema kweli.

Basi akajiwekea sheria yake mwenyewe. Kila miezi mitatu, siku ya Meza ya Bwana, wazee wa kanisa walipita kati ya mabenchi na mkate uliokatwa vipande vidogo na vikombe vidogo vya divai, kila mtu akachukua na kumpitishia jirani. Dorcas alipitisha. Alikuwa anapokea sahani kwa mkono wa kulia na kuitoa kwa mkono wa kushoto, bila kuchukua kitu, kama mtu anayepitisha madaftari darasani. Aliimba. Aliwafundisha watoto wa Jumapili. Alipiga kinanda mke wa mchungaji alipougua. Lakini mkate hakuugusa, maana alijiambia maji ameshayaiba, asiibe na mkate.

Mume hakupata. Wahindu hawakumtaka kwa sababu ya jina jipya, Wapresbiteri hawakumtaka kwa sababu ya la zamani. Aliwahi kuja mgane mmoja kutoka kijiji cha pili, mwenye meno mengi, akakaa kibarazani saa nzima akieleza ubora wa ng'ombe wake, na hakurudi tena. Dorcas alishukuru, halafu jioni akajishangaa kwamba amechungulia barabara.

Aliyerudi, na kurudi tena, alikuwa Ezekiel Ragbir.

Ragbir alikuwa mzee wa kanisa aliyepewa kutembelea nyumba saba za upande ule, na ya Dorcas ilikuwa ya saba. Maisha yake yote alifanya kazi kwenye matangi ya kuchemshia sukari kiwandani, na mitambo ilikuwa imemla masikio. Kwa hiyo aliongea kwa kupiga kelele, na kila aliposoma zaburi moja kibarazani kwa Dorcas, kijichochoro kizima kilisoma naye. Miguu yake ilikuwa imepinda kama koleo. Alikuja kwa baisikeli kila miezi mitatu, Ijumaa jioni kabla ya Meza ya Bwana.

"Ticha! Nimeleta kadi!"

Kadi ilikuwa kipande cha karatasi ngumu chenye jina lake, cha kuingia nacho mezani. Dorcas aliipokea, akaiweka mezani chini ya taa. Ragbir akaketi. Akauliza bati la jikoni bado linavuja? Kisima je? Mwalimu mkuu bado ana gubu? Akalalamikia magoti yake. Akachovya biskuti kwenye chai, akasoma zaburi yake, akaenda. Na Jumapili yeye, amevaa koti lake la pekee, ndiye aliyeshika sahani ya mkate mwanzoni mwa benchi la Dorcas na kuipokea mwisho wake. Aliona. Haikuwezekana asione.

Mwaka wa tano Dorcas alishindwa kuvumilia.

"Mzee, mbona huniulizi?"

"Nikuulize nini?"

"Unajua."

Ragbir aliweka kiganja nyuma ya sikio. "Sisikii vizuri, Ticha," alisema, akachovya biskuti.

Seepaul alifariki mwaka 1959, mwezi wa kiangazi kikali, miwa ikichomwa kila upande na majivu yakidondoka kwenye nguo zilizoanikwa. Dorcas alipata habari kutoka kwa mwanafunzi wa darasa la tatu. Aliacha chaki kwenye meza akaenda kama alivyo. Getini kwa baba yake alimkuta baba yake mdogo, amefunga nguo nyeupe kiunoni.

"Dhanraji, usituletee maneno leo," alisema. "Pandit yuko ndani, ameanza sala. Watu wameshakaa."

"Nataka kumwona tu, Baba Mdogo."

"Ungemwona alipokuwa na macho."

Geti lilikuwa la miti miwili na waya. Mtoto angeweza kulivuka. Dorcas alimwona Ramnarine karibu na ngazi, kijana wa miaka kumi na tisa, kichwa kimenyolewa upara, yule kichanga aliyemlea kiunoni mwake. Ramnarine alimwangalia, kisha akaangalia chini. Dorcas alirudi hatua tatu nyuma, akasimama upande wa pili wa barabara, juani. Watu walimpita kama maji yanavyolipita jiwe.

Hakujua amesimama muda gani aliposikia breki za baisikeli. Ragbir alikuwa ametoka zamu, masizi usoni, shati limemganda mgongoni. Aliegemeza baisikeli kwenye nguzo ya umeme. Akavua kofia. Akasimama kando yake, bega kwa bega, akiitazama nyumba.

Hakumtaja Mungu, wake wala wa waliokuwa ndani. Jeneza lilitoka, wanaume wakalibeba kuelekea mtoni, ngoma ndogo ikilia mbele, vumbi likapanda na kushuka. Ragbir aliinamisha kichwa lilipopita. Walipobaki wawili tu barabarani, alivaa kofia yake.

"Twende nyumbani, Ticha," alisema, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alisema kwa sauti ya chini. "Leo utakula nini?"

Alimtembeza hadi kwake akisukuma baisikeli. Baada ya saa moja mkewe alifika na chungu cha wali na dengu kilichofungwa kwa kitambaa, akakaa naye mpaka akala.

Dorcas hakuwahi kumshukuru kwa hilo, na Ragbir hakuwahi kulitaja. Mwezi uliofuata alikuja na kadi, akauliza habari za bati.

Alikuja miaka ishirini na miwili mingine. Mwishoni alikuja kwa miguu, akipumzika kwenye kila nguzo. Siku ya mazishi yake, mwaka 1981, kanisa lilijaa hadi madirishani na Dorcas alipiga kinanda, akakosea mara nne. Ijumaa ya kabla ya Meza ya Bwana alijikuta amechemsha chai na kupanga biskuti. Hakuna aliyekuja. Nyumba saba za Ragbir zilihesabiwa kuwa za mtu mwingine, ambaye mwaka uleule alihamia Toronto, na baada ya hapo kadi zikawa zinachukuliwa mlangoni, kutoka kwenye sanduku la viatu.

Watu walikuwa wanaondoka. Wengine Toronto, wengine New York, na waliobaki wakavutwa na lile hema jipya la barabara kuu, lenye ngoma na vipaza sauti na wagonjwa wanaotupa magongo. Kamla, jirani wa Dorcas, alikwenda mara moja kuangalia na hakurudi kwa Wapresbiteri.

"Ticha, njoo hata siku moja," alimwambia kupitia ua. "Huko kwenu mnaimba kama mmefiwa wote kwa pamoja."

"Tumezoea."

"Watu wanaruka, Ticha! Bibi wa miaka sabini anaruka!"

"Akivunjika nyonga atapelekwa wapi?"

"Ataombewa."

"Basi mimi nitabaki na nyonga zangu."

Kamla alicheka hadi akashika ua. Alikuwa mwanamke mwema. Lakini jioni Dorcas alikaa kibarazani akajiuliza swali lenyewe, yeye kwa yeye. Chaki ilikuwa imeisha. Hakuna aliyemlazimisha tena. Kwa nini basi kila Jumapili alivaa ile nguo ya bluu na kutembea nusu saa kwenda kukaa na watu kumi na wanne?

Ndilo swali ambalo sasa mchungaji Baldeo alikuwa amelileta kwenye ngazi zake. Wiki mbili alijaribu kulijibu kwenye daftari la mazoezi. Aliandika kwamba kanisa hili huchagua viongozi wake kwa kura, halina askofu wala bwana mkubwa. Akalipitia kwa penseli nyekundu: kweli, lakini si yako. Aliandika kwamba lilileta elimu. Akakata. Aliandika kuhusu neema, aya mbili nzuri, akazisoma kwa sauti kwenye chumba kitupu, akaona anazungumza kama mke wa mwalimu mkuu. Akachana ukurasa.

Jumamosi kabla ya sherehe alikwenda kwa Ramnarine. Walikuwa wakisalimiana barabarani miaka yote, wakipelekeana maembe kupitia watoto, lakini kukaa chini pamoja ilikuwa nadra. Alimkuta amejilaza kwenye bembea ya gunia chini ya nyumba, mvi kifuani, redio tumboni.

"Didi! Dada yangu, leo umepotea njia?"

"Nimekuja kuuliza kitu. Zima hiyo redio."

Akaizima.

"Baba alipokuwa mgonjwa. Kuna siku alinitaja?"

Ramnarine aliiweka redio chini. Kuku walipita kati yao. Hatimaye aliinuka akakaa vizuri, miguu chini.

"Ningeweza kukudanganya, Didi. Ungerudi kwako una furaha."

"Usinidanganye."

"Hakukutaja. Si jina la zamani, si jipya."

Dorcas alitikisa kichwa kama mtu aliyepewa jibu la hesabu alilolijua.

"Mimi ndiye niliyepaswa kufungua geti siku ile," Ramnarine alisema. "Niliogopa watu."

"Ulikuwa mtoto."

"Nilikuwa na ndevu."

Hakumbishia. Alikaa kidogo, akanywa maji ya nazi aliyopewa, akaenda.

Jumapili kanisa lilijaa zaidi kidogo kuliko kawaida, maana wageni walikuwa wametoka mjini San Fernando na kulikuwa na wali wa kuku baadaye. Bwana Sirju alizungumzia Waskoti na Wakanada na wazee wa kuchaguliwa, dakika kumi na mbili. Lystra Jagmohan alizungumzia babu yake na ukuta. Kijana mmoja alisoma karatasi bila kuinua macho. Kisha mchungaji akamtazama Dorcas, na nyusi zake zikauliza kama penseli ifute. Dorcas alisimama palepale kwenye benchi lake. Hakuwa na karatasi.

"Mimi nilibatizwa ili nipate kazi," alisema.

Feni za darini zilisikika.

"Amesema nini?" aliuliza bibi mmoja wa mbele, aliyekuwa hasikii.

"Anasema alibatizwa apate kazi!" jirani yake akampigia kelele sikioni.

"Aa," alisema bibi. "Hata marehemu wangu."

Watu wawili watatu walicheka, wakanyamaza haraka. Dorcas alishika benchi la mbele yake kwa mikono miwili.

"Baba yangu sikumwambia. Alikufa hajala chakula changu. Humu ndani nikaitwa Mkristo wa chaki, na aliyeniita hakukosea, kwa hiyo sijawahi kugusa mkate wa Meza ya Bwana. Miaka arobaini na minne napitisha sahani. Mzee Ragbir aliniona. Alikuwa na nyumba saba kwenye orodha yake na mimi nilikuwa ya saba, na alikuja miaka thelathini na moja. Hakuniuliza kitu. Sijui kama naamini kama bwana Sirju anavyoamini. Mimi ni Mpresbiteri kwa sababu jina langu liliandikwa kwenye orodha ya mtu, na mtu huyo akaja. Sina kingine."

Akaketi. Hakuna aliyepiga makofi. Mchungaji alitangaza wimbo namba isiyo yenyewe, akajisahihisha. Nje, wakati wa wali, watu walimpa Dorcas sahani kubwa na kumwachia nafasi pana ya kukaa. Lystra alikuja, akasimama mbele yake.

"Ni mama yangu aliyesema lile la chaki."

"Najua."

"Alilisema nyumbani pia. Mimi nilikuwa mdogo, nilidhani ni sifa." Lystra alikuwa anakaribia kulia. "Ticha, samahani."

"Kula, wali unapoa," Dorcas alisema. Hakutaka kumwona mtu analia kwa ajili yake. Alirudi nyumbani mapema.

Mwezi haujaisha, wazee watatu wa kanisa walipanda ngazi zake, Sirju mbele. Walikuwa wamekaa kwenye baraza lao, alisema, na wamekubaliana wote. Walitaka nyumba za upande ule zipate mtu wa kuzitembelea tena. Walimtaka yeye awe mzee wa kanisa.

"Kuna jambo dogo tu," Sirju akaongeza, akiangalia kofia yake. "Kwa utaratibu, mzee lazima awe mshiriki wa Meza. Kwa hiyo Jumapili ijayo, Ticha, ukichukua kipande kidogo tu..."

"Ili nipate nafasi?"

"Si hivyo."

"Ni hivyo, bwana Sirju. Utaratibu ni uleule. Nilishapokea maji ili nipewe kazi. Sitakula mkate ili nipewe nyingine."

Walijaribu kumbembeleza. Aliwapa chai, akawasikiliza, akakataa mara ya pili kwa maneno yaleyale. Walishuka ngazi wakinong'onezana, na nyumba za upande ule akapewa mume wa Lystra, mtu mwenye gari, ambaye kila baada ya miezi kadhaa alipiga honi mwanzo wa kijichochoro na kupunga mkono.

Kijijini walisema Ticha ana kiburi. Huenda alikuwa nacho. Mchungaji Baldeo alihamishiwa kaskazini. Kijana yule aliyesoma karatasi akaenda hemani na ngoma zake. Sirju akapata kiharusi. Dorcas aliendelea kutembea nusu saa kila Jumapili na nguo yake ya bluu, na kwenye benchi lake hakukuwa na mtu kulia wala kushoto, hivyo ikabidi Lystra, aliyekuwa sasa mzee wa kanisa, amletee sahani moja kwa moja na kuisubiri.

Ilikuwa Jumapili moja ya masika, mwaka wa pili baada ya sherehe. Mvua ilipiga bati hata mahubiri hayakusikika, na hapakuwa na mgeni wala mtu aliyemwomba jambo. Lystra alisimama na sahani. Dorcas aliitazama kwa muda, kama mtu anayetazama ubao. Kisha akanyoosha mkono akachukua kipande kimoja, akakiweka mdomoni. Kilikuwa kikavu. Alisubiri kidogo aone kama kuna kitu kitatokea moyoni, hakikutokea kitu, akakimeza. Lystra alisogea na sahani yake, akajikwaa kwenye mkeka.

Dorcas alifika kwake amelowa. Alibadili nguo, akateleka mchele, akafungua dirisha la jikoni ili mvuke utoke. Kamla alikuwa upande wa pili wa ua, anakinga maji kwenye pipa, mfuko wa plastiki kichwani.

"Leo mlikuwa wangapi, Ticha?"

"Kumi na mmoja."

"Sisi mia nne. Na mvua yote hii!"

"Najua. Niliwasikia njiani."

"Tulikuwa tunaruka."

"Nilisikia na hiyo."

Kamla alicheka, akaburuta pipa lake karibu na ukuta, akaingia ndani kwa watoto wake. Dorcas alipunguza moto. Alipakua chakula chake, akakaa mezani karibu na dirisha, akala polepole, mvua ikiendelea juu ya miwa.